Naibu Waziri alijibu bungeni kwamba tutachimbiwa kisima. Mbona hatuoni kitu?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkulima wa alizeti na mtama katika kijiji kimoja wilayani Chamwino. Misimu miwili ya mvua iliyopita mbunge wetu aliuliza swali bungeni kuhusu shida yetu ya maji. Naibu Waziri akajibu kwamba Serikali itachimba kisima kirefu kijijini kwetu katika mwaka wa fedha unaofuata, kadri ya upatikanaji wa fedha. Tulishangilia hadi tukachinja mbuzi. Mpaka leo halijafika hata gari la wapimaji, na akina mama bado wanafukua mchanga kwenye makorongo. Mwezi wa tano tulikwenda kikundi kutembelea Bunge hapo mjini. Tukaona viti vingi vitupu, na waliokuwepo wanapitisha mabilioni kwa kuitikia 'ndiyo' tu. Shemeji yangu aliyeko Nairobi anasema ubovu wetu ni Bunge la chumba kimoja, wenzetu wana Seneti. Naomba kujua: jibu la Waziri bungeni ni kitu gani hasa? Tunaweza kumshitaki kwa kutudanganya? Na mbunge wetu angefanya nini zaidi?"

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu, lakini chini yake naona la nne ambalo hukuliandika: je, tumechezewa? Nianze na hilo. Kwa maneno uliyoyanukuu, sioni uongo. Naona ahadi iliyoachiwa mlango wa nyuma, na mlango wenyewe ni yale maneno ya mwishoni, "kadri ya upatikanaji wa fedha". Kosa lenu, kama ni kosa, ni mbuzi kuchinjwa mapema.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 63, inalikabidhi Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Katika orodha ya njia za kuifanya kazi hiyo, ya kwanza ni kumuuliza Waziri yeyote swali juu ya mambo ya umma. Kwa hiyo mbunge wenu hakufanya mzaha, alitumia haki iliyoandikwa. Swali la msingi huandikwa mapema na kupelekwa kwa Katibu wa Bunge, kisha huenda wizarani. Huko wataalamu hufungua faili, huulizana na ofisi ya wilaya, wanaandaa jibu, na siku ikifika Naibu Waziri analisoma. Faida kubwa ya swali iko hapo: faili la kijiji chenu, lililokuwa limelala, limefunguliwa na mtu aliyelazimika kuandika kitu juu yake. Baada ya hapo jibu linabaki kwenye Hansadi, yaani Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge.

Ila jibu haliweki shilingi popote. Lichukulie kama ahadi kwenye kadi ya mchango wa harusi: jina lako limeandikwa, kiasi kimeandikwa, kamati imepiga makofi, lakini mhazini haendi kununua mchele kwa ahadi. Anangoja ulipe.

Sasa ni malipo yanakotokea ndiko watu wengi wanakochanganya mambo, hata wasomi. Fedha ya kisima hupita hatua tatu zilizo tofauti kabisa. Kwanza inatengwa, maana yake inaandikwa kwenye makadirio ya Serikali. Pili inaidhinishwa na Bunge. Tatu inatolewa na Hazina. Mradi unaweza kupita hatua ya kwanza na ya pili ukakwama ya tatu, kwa sababu makusanyo ya kodi hayakufikia makadirio au fedha za mfadhili zimechelewa. Na mradi ambao haukutengwa tangu mwanzo, Bunge haliwezi kuuingiza kwa nguvu zake.

Hilo la mwisho lisome tena, maana ndilo linalowashangaza wananchi wengi. Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia pendekezo la kutoza kodi mpya, au la kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, isipokuwa pendekezo hilo liwe limetoka kwa Rais na kuwasilishwa na Waziri. Mbunge anaweza kupendekeza kodi ipunguzwe. Anaweza kupinga matumizi fulani. Hawezi kusimama siku ya bajeti ya maji akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naongeza kisima kimoja Chamwino," kikaongezwa. Anaweza kulalamika, kushawishi, kubana, hata kulia, lakini kalamu ya kuandika tarakimu iko upande wa Serikali. Na Bunge likiikataa bajeti nzima, ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini ile "ndiyo" mliyoisikia huwa nyepesi kutoka kinywani.

Binafsi naona mizani hii imeelemea sana upande wa Serikali. Lakini haikubuniwa hapa kwetu. Mabunge mengi yaliyorithi utaratibu wa Uingereza yana kizuizi cha namna hii, na sababu yake ina maana: kama kila mbunge angeruhusiwa kuongeza kisima chake, zahanati yake na daraja lake, bajeti ingekuwa orodha ya matakwa isiyo na fedha nyuma yake.

Basi mbunge ana nguvu wapi? Anayo kabla tarakimu hazijaganda. Serikali huanza kuandaa bajeti mapema mno kuliko watu wanavyodhani. Kwa kawaida mwezi wa kumi na moja Bunge hupokea mapendekezo ya mpango wa maendeleo na mwongozo wa bajeti ya mwaka unaofuata. Halmashauri nazo huandaa makadirio yake, na baraza la madiwani huyapitisha mwanzoni mwa mwaka. Mbunge wenu ni mjumbe wa baraza hilo. Mwezi wa tatu Kamati za Kudumu za Bunge hukagua miradi na kuchambua bajeti za wizara, fungu kwa fungu. Wanakalia vitabu vya bajeti pamoja na randama, ule ufafanuzi wa wizara unaoeleza kila kasma, yaani kila mstari wa matumizi, ni ya nini. Humo ndani Katibu Mkuu na wakurugenzi huulizwa maswali ambayo hayaonekani kwenye televisheni, na wakibanwa vizuri wanarudi wizarani kurekebisha. Kwa mtu wa kijijini, asubuhi moja ya kamati ina thamani kuliko wiki nzima ya hotuba ukumbini.

Mwezi wa nne Bunge zima linaanza Mkutano wa Bajeti, wizara baada ya wizara. Katikati ya mwezi wa sita Waziri wa Fedha anasoma bajeti kuu, na yote lazima yaishe kabla ya Julai mosi mwaka mpya wa fedha unapoanza. Kwa hiyo ninyi mlipofika mwezi wa tano, mlikuta chungu kimeshaepuliwa. Yale mabilioni mliyosikia yakiitikiwa yalikuwa yameshapita kwenye kamati. Tena kura ya bajeti kuu ya Serikali haipigwi kwa kuitikia. Kila mbunge huitwa kwa jina na kujibu peke yake, na jibu lake huandikwa.

Kuhusu viti vitupu nitasema kweli pande zote mbili. Nusu ya wabunge wote lazima wawepo wakati Bunge linapofanya maamuzi. Wakati wa kuchangia tu, ukumbi unaweza kuwa na watu wachache na kikao kikaendelea. Baadhi ya mliowakosa walikuwa kwenye shughuli za kamati, wengine wizarani wakifuatilia mambo ya majimbo yao, kwa kuwa siku hizi wizara nyingi ziko hapa hapa Dodoma. Na wengine walikuwa kantini wakinywa chai. Hao wa kantini sitawatetea.

Mbunge wenu angekuwa na nafasi moja zaidi ukumbini, nayo ndiyo hii ya "kushika shilingi" mnayoisikia redioni. Wizara inapomaliza kujadiliwa, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Spika anashuka kwenye kiti chake kikubwa na kuongoza kama Mwenyekiti, na mafungu yanasomwa. Ikifika kasma ya mshahara wa Waziri, mbunge anaweza kusimama na kuomba maelezo ya jambo la kisera. Asiporidhika, anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Wenzake wakimuunga mkono, linajadiliwa na kupigiwa kura. Waziri akitoa ahadi nzito zaidi, mbunge anarudisha shilingi na mambo yanaendelea. Shilingi yenyewe haiji kijijini kwenu, na mara nyingi hoja hushindwa. Lakini Waziri aliyeshikiwa shilingi mbele ya nchi nzima huondoka akiwa ameandika kitu kwenye daftari lake. Tatizo ni muda: ukiisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila kuhojiwa. Na jambo la kijiji kimoja halitoshi kushikia shilingi, kwa sababu hoja inatakiwa iwe ya sera. Mbunge hodari huligeuza: haulizi kisima cha kijiji chenu, anauliza kwa nini vijiji vilivyoahidiwa visima bungeni havimo kwenye orodha ya mwaka huu.

Nije kwenye jambo ambalo ningependa kijiji kizima kilijue, yaani jinsi ya kulisoma jibu la Serikali. Majibu haya yana lugha yake, na mtu aliyeyazoea hupima uzito wake kwa kitenzi.

"Serikali inatambua changamoto hiyo" ni sawa na kukujulia hali, hakuna kilichotokea. "Serikali itaendelea kutenga fedha" iko mbele kidogo tu, kwa maana haina kiasi wala tarehe. "Upembuzi yakinifu unaendelea" inamaanisha wataalamu bado wanatafuta kama kuna maji na kwa gharama gani. Ni hatua ya kweli, ila inaweza kuchukua muda mrefu, na kwa nchi kavu kama yetu wanaweza kuchimba wakakuta maji ya chumvi au wasikute kabisa. "Usanifu wa kina umekamilika" ni habari njema, kwa kuwa sasa gharama inajulikana. "Katika mwaka wa fedha huu imetengwa shilingi kadhaa" ndipo pa kuamka: kuna tarakimu, na tarakimu ina kitabu chake na ukurasa wake. "Mkandarasi amepatikana na amekabidhiwa eneo" ndiyo siku ya kuchinja mbuzi, na hata hapo ningeanza na kuku.

Angalia pia jibu linataja kitu gani. Wakati mwingine kijiji kimeuliza na jibu limetaja kata, au mradi wa vijiji kadhaa ambao kijiji chenu kimo awamu ya pili. Na kuna lile swali la nyongeza linalopendwa sana, "Je, Mheshimiwa Waziri yuko tayari kuambatana nami kwenda kujionea?", ambalo hujibiwa "niko tayari" karibu kila mara. Sina ugomvi na safari. Ila muulizaji hupewa nafasi ya maswali ya nyongeza mawili tu, na kulitumia moja kuomba ugeni ni hasara. Bora angeuliza: mradi huu uko kwenye kasma ipi, na fedha imetolewa kiasi gani mpaka leo?

Kumshitaki Naibu Waziri hamuwezi. Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge, na yaliyosemwa humo hayahojiwi mahakamani. Kinga hiyo inamlinda Waziri, lakini ndiyo hiyo hiyo inayomlinda mbunge wenu anapotaja uozo bila kuogopa kesi, kwa hiyo msitamani iondoke. Waziri akisema uongo kwa makusudi, kinachomwajibisha ni Bunge lenyewe kupitia Kanuni za Kudumu: mbunge anaweza kuomba athibitishe kauli yake au aifute, na jambo likikua linaweza kufika kwenye Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Kwenu hapajafika huko. Sharti la fedha lilitamkwa wazi.

Sasa shemeji wa Nairobi. Kweli Kenya ina mabunge mawili tangu uchaguzi wa 2013, kwa Katiba yao ya 2010: Bunge la Taifa, ambalo ndilo la chini, na Seneti yenye wajumbe 67 inayolinda maslahi ya kaunti 47. Lakini mwambie hivi: hata kwao, anayepitisha matumizi ya Serikali Kuu ni Bunge la Taifa. Seneti ina sauti kubwa kwenye mgawo wa fedha kati ya Serikali Kuu na kaunti, haikai kuchambua kisima cha wizara. Uingereza kulikoanzia utaratibu huu, tangu sheria yao ya mwaka 1911 baraza la juu linaweza kuchelewesha muswada wa fedha kwa mwezi mmoja tu, basi. Katika nchi nyingi funguo za mfuko ziko mikononi mwa baraza la chini. Zanzibar wana Baraza la Wawakilishi, lakini hilo ni chombo chao cha kutunga sheria kwa mambo yasiyo ya Muungano. Si chumba cha juu cha Bunge letu.

Chumba cha pili kina faida yake kwenye sheria, sikatai. Jicho la pili hupunguza haraka. Kwetu jicho hilo tumeliweka ndani ya nyumba moja: muswada husomwa mara ya kwanza kwa jina tu, unapelekwa kwenye kamati ambako wadau huitwa kutoa maoni, unarudi kujadiliwa unaposomwa mara ya pili, unapitiwa kifungu kwa kifungu na Kamati ya Bunge Zima, unasomwa mara ya tatu, kisha unakwenda kwa Rais, ambaye anaweza kuukubali au kuurudisha na sababu. Jicho hilo linaona vizuri kamati ikipewa muda. Muswada ukija kwa hati ya dharura, linafumba nusu. Hapo shemeji ana hoja. Kwa kisima chenu hana.

Ningekuwa ninyi, ningeanza kwa kuitafuta ile Hansadi. Iko kwenye tovuti ya Bunge kwa tarehe ya kikao, na kijana yeyote mwenye simu nzuri ataipata. Mkikosa, ofisi ya mbunge jimboni iwasaidie. Chapeni ukurasa wenye swali na jibu. Halafu mwenyekiti wa kijiji na watu wawili watatu waende nao ana kwa ana ofisi ya RUWASA ya wilaya, maana wakala huo ndio wenye maji ya vijijini tangu sheria ya mwaka 2019. Msiende kulalamika kwanza. Ulizeni mambo mahususi: je, kijiji chetu kimo kwenye mpango wa mwaka huu? Upimaji wa maji ardhini umefanyika? Kama umefanyika, matokeo yako wapi? Fedha iliyotengwa ni kiasi gani na iliyotolewa ni kiasi gani? Afisa mzuri atawajibu siku hiyo hiyo. Akisema hakuna kitu kwenye mpango, mmepata jibu la maana kuliko lile la bungeni, na sasa mna kazi ya kufanya kabla ya mwezi wa kumi na moja.

Kazi hiyo ni kuliingiza jambo kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, lipite kwa diwani kwenye kamati ya maendeleo ya kata, lifike halmashauri. Nakala ya muhtasari mpeni mbunge mkononi akiwa jimboni, pamoja na ukurasa wa Hansadi. Mwombeni alifikishe kwa wajumbe wa kamati inayosimamia maji kabla ya mwezi wa tatu, na afuatilie Ofisi ya Waziri Mkuu, inayoratibu shughuli za Serikali bungeni, ahadi hiyo imeandikwaje kwao. Mumuulize pia kuhusu Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao yeye ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Ni fedha kidogo ukilinganisha na mahitaji ya jimbo zima. Hautachimba kisima kirefu na kuweka mtandao wa mabomba, ila unaweza kusaidia tangi, au kukarabati mashine ya kisima cha zamani kama kipo.

Kama hao akina mama wanachota mahali ambapo watoto wanaharisha, msisubiri mzunguko huu wote. Hilo ni la afisa afya wa kata na RUWASA wiki hii, wapime maji na kuwaelekeza namna ya kuyatibu.

Na ikiwa mtaambiwa kwamba fedha ya kisima ilishatolewa na kazi imeandikwa imekamilika ilhali hakuna hata shimo, muelewe kwamba mmetoka kwenye habari za bajeti na kuingia kwenye habari nyingine. Msigombane na afisa mezani. Ombeni jibu hilo kwa maandishi, rudini mkaandike muhtasari wa kijiji wenye sahihi, kisha mwenyekiti apeleke nakala ofisi ya wilaya ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, na kwa Mkuu wa Wilaya. Karatasi halisi zibaki kijijini.